Hela ya Sanda na Kadi ya Bima

Mpendwa Shangazi Kijakazi,

Shikamoo. Naomba unisaidie kabla mikono yangu haijanitangulia, maana nina furaha ambayo sijaipata tangu nihamie Nyarugusu, na naogopa furaha hiyohiyo ndiyo itakayonifukuzisha kwenye kikundi.

Mimi kwetu ni Ushirombo, hapa nauza chai na chapati jirani na karasha za kusagia mawe ya dhahabu, na mume wangu Damian ni mchimbaji, leo duara, yaani shimo lao la dhahabu, linatema kesho limekauka, hakuna mwenye mshahara nyumbani kwetu. Kitinda mimba wetu Evance ana selimundu, ule ugonjwa wa damu, na maumivu yakimshika kwenye mifupa hataki hata shuka limguse, basi tunakimbilia hospitali, na tukirudi mtaji wa unga na mafuta umeishia huko, naanza tena kukopa dukani. Ndivyo tunavyoishi Shangazi, mtoto akipona biashara inaugua.

Sasa siku ya gulio likapita gari la matangazo, likasema hata sisi tuliojiajiri tunaweza kukata bima ya afya ya familia, nikaziacha chapati zikaungulia kikaangoni, nikamfuata yule dada wa matangazo mpaka ofisi ya kata nikiwa na unga mikononi, akanieleza kwamba kaya inalipa mara moja na inatibiwa mwaka mzima, nikamuuliza mara mbili kama na Evance anaingia akasema anaingia, na mimi nikacheka peke yangu njia nzima kama mtu aliyeokota jiwe lenye dhahabu.

Tatizo ni huko kulipa mara moja, maana hela yetu inakuja kwa chapati mojamoja, haikai. Nilipomwambia Damian akasema, "Subiri duara liteme, nitakununulia hospitali yenyewe," na duara lake ninalijua. Ndipo nikakumbuka sanduku. Tuna kikundi chetu cha kufa na kuzikana, akina mama wote wa huku kwenye karasha, kila Alhamisi tunachangia, na ukifiwa unaletewa sanda au jeneza, mchele, masufuria, mpaka watu wa kuosha vyombo. Sanduku limejaa. Nikawaza, kwa nini lisilipie bima za kaya zetu zote kwa mkupuo, halafu kila mmoja arudishe kidogokidogo kila Alhamisi?

Nikampigia mwenyekiti wetu, Bi Mwanaima, ambaye yuko Shinyanga, pale Kambarage, kumlea binti yake Yasmini aliyejifungua. Hakuniacha nimalize. Akasema, "Mama Evance, hela ya sanda haigeuzwi. Mkiigusa mnamwita mwenyewe aje."

Shangazi, kinachonikera ni hiki. Mwaka jana mume wa mwanachama mwenzetu Mama Maduhu aliangukiwa na mti unaoshikilia kuta za duara akavunjika mguu, na huyo mama akaja kwetu tumsaidie, na sisi tukamwambia pole, katiba yetu ni ya msiba. Akauliza, "Kwa hiyo nimsubiri afe ndiyo mje na ubwabwa?" Hakuna aliyemjibu. Akasema "wabeja", asante ya Kisukuma, akaenda kuuza cherehani yake. Mumewe alipona ila anachechemea, na yeye mpaka leo kila Alhamisi anakuja, anaweka mchango wake mezani, haketi, anaondoka.

Sasa sanduku letu lina kufuli tatu. Ufunguo mmoja ninao mimi mweka hazina, wa pili anao Rosemary rafiki yangu, na wa tatu Bi Mwanaima aliniachia mimi alipoondoka, msiba ukitokea tusikwame. Rosemary anasema tufungue tukawalipie wote, kadi zikishakuwa mezani nani atanuna? Na mimi moyo unanidunda kwa furaha nikiziwaza hizo kadi. Nifanyeje?

Mama Evance, Nyarugusu

Mama Evance,

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma nimesimama, na chai yangu imepoa. Wazo lako ni zuri, tena zuri mno, na nimefurahi nawe. Sasa weka funguo hizo chini nikuambie.

Hilo sanduku hulifungui. Kufuli zimewekwa tatu si kwa ajili ya wezi peke yao, zimewekwa pia kwa ajili ya watu wema kama wewe na Rosemary mnapopatwa na furaha. Ukifungua leo kwa siri kwa jambo jema, siku mwingine akifungua kwa lake utamzuia kwa mdomo gani? Na wala hutasikia mtu akisema "Mama Evance katukatia bima". Utasikia "Mama Evance kala hela ya maiti", na bima yenyewe itanuka kwenye karasha zote. Bi Mwanaima alikuachia ufunguo kwa sababu anakuamini. Mpigie leo, tena kabla hajalisoma gazeti hili, kwa kuwa jina lake umeliandika mwenyewe.

Ukimpigia usibishane naye. Mwambie hutaki kugusa ya sanda, unaomba mkutano wa wanachama wote atakaporudi, na fungu la msiba libaki palepale sandukuni, kinachokopeshwa kiwe ziada. Mama aliyezika watu wengi ana haki ya kuogopa. Ila huo usemi wa kumwita mwenyewe mjibuni kwenye kikao, kwa adabu: kila Alhamisi mnamwekea mauti akiba na hamuogopi kwamba mnamwita, iweje muogope kumwekea mgonjwa?

Kabla ya kikao rudi kwa yule dada wa ofisi ya kata, safari hii na mikono iliyonawa. Muulize kadi inaanza kutumika lini baada ya kulipa, maana bima si panadoli, hainunuliwi kichwa kikishauma. Muulize inapokelewa hospitali zipi, rufaa inaanzia wapi, dawa za Evance zimo au hazimo, na kaya inahesabu watu wangapi. Akikujibu kwa "nadhani", mwombe akuitie anayejua. Taratibu hubadilika, usiende kikaoni na maneno ya kipaza sauti.

Na Damian nina neno naye. Baba Evance, hospitali usiinunue, huna pa kuiweka. Duara likitema, hata kama ni kidogo, mkeo apewe kwanza fungu la bima, ndipo wenzako uwanunulie soda. Kikundi kinaweza kukataa, na mifupa ya mtoto wako haisubiri kura.

Lakini haya yote yatanguliwe na jambo moja, nalo sijaliona popote kwenye barua yako. Umempigia mwenyekiti, umefikiria kufungua sanduku, hukufikiria kwenda kwa Mama Maduhu. Mmemnyima hela ya kumtibu mumewe naye bado anachangia sanda yako. Chukua chapati za moto nenda kwake, keti hata kama yeye haketi, umwombe msamaha kwa upande wako, wengine watajiombea wenyewe. Halafu umwombe yeye ndiye asimame kikaoni kulileta hili. Wewe ukisema watasikia mama anayemtetea mwanawe. Yeye akisema kila mmoja atakumbuka alivyonyamaza siku ile.

Na kikao kikikubali, kaya ya kwanza kulipiwa iwe ya kwake, ya kwako ifuate. Najua Evance anaumwa. Ndiyo maana nimekuomba wewe, sikumwomba mwingine.

Shangazi Kijakazi