Beseni la Bibi Yake na Mtoto Aliyekaa Kitako

Mama mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi irudishe hiyo shikamoo kwangu, kwa maana picha yako hapo juu ya ukurasa imefifia na sijui kama naandikia bibi au binti. Mimi ni fundi bomba mstaafu, mgane, shule tuliachana mapema bila kugombana, kwa hiyo usinitafutie nukta humu ndani. Nakuomba uninasue, nimebanwa juu na chini kama raba ya koki.

Nina mjukuu, mtoto wa binti yangu, ambaye tangu anajifunza kusema ananiita mume wangu mzee, na huyo kijana aliyemwoa, dereva wa lori, mpole, mimi namwita Mwizi na anaitika. Sasa mjukuu ana mimba ya kwanza, mwezi wa mwisho huu, na ameamua kujifungulia nyumbani ndani ya maji, mama, si kando ya maji wala karibu na maji, ndani. Niliposikia nilicheka mpaka meno ya bandia yakataka kuniaga. Nikamwuliza, "Kwani mtoto atatoka na mapezi?" Akanijibu, "Atatoka na kipara kama wewe, mume wangu." Akaniletea mkunga wake, mwanamke mfupi wa sauti nzito, aliyesomea kazi yake, akanieleza kwamba maji ya vuguvugu humpunguzia mama maumivu, ila ni kwa mama mwenye afya na mtoto aliyekaa vizuri, gari likiwa mlangoni na hospitali isiwe mbali. Wakachagua nyumba yangu kwa sababu maji yangu hayakatiki, bomba nimezifunga mwenyewe, na nikapewa cheo: mtu wa maji.

Cheo hicho kilinipanda kichwani, na nikueleze kwa nini, maana hukuwepo. Marehemu mke wangu alijifungulia watoto wetu wote katika chumba kile kile cha nyuma, na kila mara mimi nilifukuzwa. Kazi yangu ilikuwa kuchemsha maji uani na kuyafikisha mlangoni. Mlango unafunguka kidogo, mkono wa mama mkwe unatoka, unachukua ndoo, mlango unafungwa. Nikijaribu kuchungulia nasikia, "Wewe, ndoo imefika, macho yarudi ulikotoka!" Watoto wangu wote nimewapata kupitia ufa wa mlango. Lakini kabla ya siku yenyewe, tumbo likishakuwa zito na mgongo unamsumbua, mke wangu alikuwa anakaa jioni ndani ya beseni kubwa la bati nililomtengenezea kwa tangi bovu la kazini, magoti ameyakunja, mimi nammiminia maji mgongoni kwa kopo, pole pole, naye anaimba. Aliimba vibaya yule mwanamke, mama, vibaya mpaka mbwa wa jirani walikuwa wanahama upande. Leo ningeng'oa bomba zote za mtaa huu nikaziuza chuma chakavu ili niusikie uimbaji ule mara moja tu. Na maji yakizidi moto alikuwa haniambii yamezidi, ananiambia, "Fundi, haya ni ya kuku," maana yake niende nikanyonyolee kuku. Beseni sikulitupa. Liko stoo, limefunikwa kifudifudi, na kila nikipita naligonga kwa kidole, linalia kidogo, naendelea na mambo yangu.

Basi wakakodi bwawa la plastiki la kupuliza kwa pampu, tukalijaza sebuleni siku ya majaribio, mimi kwa majigambo nikatumbukiza kiwiko kama alivyokuwa anafanya mke wangu, nikatangaza maji tayari. Mkunga akatumbukiza kipimajoto, akakiangalia, akaniangalia na mimi, akasema, "Babu, kiwiko chako kimezeeka. Haya ni ya kuku." Mama mshauri, naapa sikuwahi kumsimulia. Nikasema naenda kuangalia koki ya nje, nikaenda kupenga kamasi.

Shida yenyewe sasa. Juma lililopita mkunga alimpapasa mjukuu tumbo pale sebuleni, mimi niko jikoni masikio yote kule, akapapasa tena, kisha akasema, "Huyu amekaa kitako. Kichwa kiko juu. Nenda hospitali ukapigwe picha ya tumbo, na kama hajageuka, habari ya maji imekwisha, utajifungulia kule, na daktari ndiye atakayesema kwa njia gani." Siku ya picha mjukuu akaondoka kwake amevaa vizuri, akaja kwangu. Hakwenda kokote. Akaniomba nimtolee beseni la bibi yake. Nikalisugua, nikapima maji kwa kipimajoto, maana nimeshaaibishwa mara moja, akakaa na gauni lake jepesi, akakunja magoti, nikammiminia mgongoni kwa kopo. Akaanza kuimba. Anaimba vibaya kama bibi yake! Tena anakosea pale pale panapopanda! Hapo mimi ndipo nilipokwisha. Na yeye, mjanja, akajua nimekwisha, akasema, "Mume wangu, mtoto atageuka tu. Mkunga nimeshampigia simu, nimemwambia hospitali wamesema kageuka. Usimwambie mama, wala Mwizi. Bibi alizaa wote humu, na mimi nitazaa humu humu nyumbani. Niahidi." Nikaahidi. Kwa hali niliyokuwa nayo ningeahidi hata kurudi darasani.

Sasa mkunga anajipanga akijua mtoto amekaa sawa, binti yangu anafua mataulo na kuyaanika anaimba, Mwizi ameazima gari la rafiki yake na analipangusa kila asubuhi, na ni mimi peke yangu ninayejua hakuna picha iliyopigwa. Nikisema, mjukuu wangu ataniona msaliti na hatakanyaga tena katika beseni lile. Nikinyamaza, nitakuwa tena nje ya mlango na ndoo mkononi, ila safari hii nitakuwa najua kilichomo ndani. Nishauri, na uandike maneno mafupi, mimi na miwani hatuelewani siku hizi.

Ni mimi,
Mtu wa Maji

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo babu. Hiyo ni yako, ipokee, na picha yangu haijafifia, ni wino wa gazeti.

Barua yako sikuiacha ingoje zamu. Nimekupigia kwa namba uliyoandika nyuma ya bahasha, simu inaita na haipokelewi. Nadhani uko stoo unagonga bati. Kwa hiyo nakujibu mbele ya watu wote, na jirani yeyote aliyemtambua fundi huyu ampelekee gazeti sasa hivi.

Nimecheka, na pale kwa kuku nikaacha kucheka. Pole kwa mkeo. Lakini babu, umefanya ujinga, na unajua, la sivyo usingeniandikia. Ahadi ile hukumpa mjukuu wako. Ulimpa marehemu, kwa sababu ulisikia sauti yake. Mjukuu alikuwa amekaa tu pale kuipokea.

Tena unamsaidia kuamini kitu ambacho wewe mwenyewe hukukiona. "Bibi alizaa wote humu." Ndiyo. Wewe ulikuwa wapi? Uani, unapuliza moto. Umeona ufa wa mlango na mkono wa mama mkwe. Hujui mle ndani waliogopa mara ngapi, wala mkeo alisema nini siku mambo yalipokuwa magumu. Uliletewa mtoto ameshafungwa nguo safi, ukafurahi. Usimpe mjukuu wako ushahidi wa ufa.

Mtoto kukaa kitako si mkosi wala si ukaidi wa kurithi, ingawa kwa familia yenu ningeelewa. Wengine hugeuka, wengine hawageuki, na hospitali wanajua la kufanya kwa wote. Bwawa la plastiki sebuleni halijui. Mkunga huyo ni mtu makini, alisema wazi safari ya maji inaishia wapi, na sasa anapanga kazi juu ya uongo. Uchungu unaweza kuanza kabla hujamaliza kusoma hapa.

Kwa hiyo leo, babu. Mwite mjukuu wako, mkae kwenye viti, si karibu na beseni, maana akiimba utaahidi jambo jingine. Mwambie, "Mke wangu, nampigia mkunga. Ukitaka piga wewe, mimi nasikiliza." Akikataa, piga mbele yake. Usizunguke nyuma yake kwenda kwa mama yake; hilo ndilo lingekuwa usaliti. Mkunga akijua, mama na Mwizi watajua kwa mpango, si kwa kelele. Kisha gari lile linalopanguswa kila asubuhi lifanye kazi: liende kwenye picha, nawe uwe ndani yake.

Atanuna. Mkeo hakuwahi kukununia? Ulikufa?

Picha ikionyesha mtoto amegeuka kweli, mkunga ndiye atakayesema kama bwawa linajazwa au halijazwi. Si wewe, si mjukuu, wala si kiwiko. Ikionyesha bado amekaa, basi ni hospitali, na utakuwa tena nje ya mlango, babu, na hawatakuomba hata ndoo. Najua hilo ndilo linalokuuma kuliko yote uliyoyaandika. Kaa hapo hapo nje. Wakikuletea mtoto, rudi nyumbani mbele yao, ulisugue beseni, upashe maji moto, na utumie kipimajoto. Mtoto wa hospitali naye huoga. Akishaogeshwa, mama yake naye atakuwa na mgongo unaouma, na kopo unajua lilipo.

Beseni liweke katika chumba kile kile cha nyuma; sasa hakuna mama mkwe wa kukufukuza.

Weka gazeti chini. Simu kwanza.