Koplo Aliyeanza Upya

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imefika Busi salama. Sisi wazima, mama yako yuko shambani anavuna mtama.

Umeniuliza, wewe unayesomea kazi ya polisi, kama enzi ya Mwingereza nilimwona askari wa kusifiwa. Nilimwona mmoja.

Baba yangu alimkuta ng'ombe wa watu shambani kwetu, akamfunga asimalize mtama. Mwenye ng'ombe akamshtaki kwa wizi. Kituoni Kondoa baba alijieleza kwa Kirangi, mkalimani akatafsiri, koplo akaandika, akasoma kwa sauti kwamba amekiri kuiba. Mimi nilikuwa msichana, nimempelekea chakula. Nikasema, "Afande, baba hakusema ameiba. Amesema amemfunga."

Bwana mkubwa wa Kizungu alikuwa amesimama pale pale, anaingojea karatasi. Koplo akamtazama baba, kisha akaichana.

"Nimekosea, mzee," akasema. "Tuanze upya, polepole."

Majirani wakaitwa, wakathibitisha, na baba akarudi nyumbani siku ile ile.

Tangu hapo nimewaona wakubwa wengi, mjukuu wangu, lakini neno lile la koplo nimelisikia mara chache mno. Ningefurahi kusikia kwamba wewe umelisema.

Bibi yako akupendaye,
Mwanaidi