Uji wa Mama Usitiwe Chumvi

Wifi Mejumaa,

Mama amelazwa spitali. Nimerudi kuchukua mito yake yote, naenda tena. Uji uko jikoni, mletee alasiri. Usitie chumvi hata akikusihi.

Asubuhi tukienda Marikiti alisimama njiani, pumzi hana. Nikampeleka kwa daktari bila kumuuliza mtu. Daktari akambonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki. Si unono, wifi. Ni maji. Akamuuliza, "Walalaje, mama?"

"Kama watu."

Nikangoja aseme kweli. Nikasema mimi, mbele ya wanaume: "Hulala ameketi. Akijilaza hukosa pumzi."

Daktari akamsikiliza kifua tena. Akasema ni moyo, umechoka kusukuma damu. Dawa ipo, lakini alazwe leo leo.

Kwa hiyo hakuwa akiketi usiku kunipeleleza, kama ulivyowaambia majirani.

~~Usije na maneno yako.~~ Njoo hata na maneno yako, na uje upesi. Mama asema nimemfedhehesha, na dawa amekataa kuipokea kwangu. Kwako ataipokea.

Mke wa kaka yako