Nimechana Ukuta wa Mtalaka wa Mume Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Alhamisi ijayo, kwa sababu jana mpimaji alizima feni yake, ile inayonyonya hewa ya ndani ili upepo uingie penye nyufa, akatamka mbele yetu sote kwamba nyumba ya Rowena inavuja hewa mara tatu ya kiwango, na ni mimi peke yangu ninayejua kwa nini. Rowena ni mtalaka wa mume wangu, Euan. Kazi ya Euan ni kujaza sufu ya kondoo kwenye kuta na kuziba nyufa ili nyumba isipoteze joto, na tangu Mei yuko kwa Rowena, anarudi na sufu kichwani na tumbo limejaa mikate ya jibini ya huko, nami hapa nyumbani kwetu Mosgiel napika nimevaa koti, mapazia yanacheza na madirisha yamefungwa, nikinung'unika anasema, "Yetu itasubiri, mpenzi, Greta ana pumu." Greta ni binti yao, sina neno naye, lakini Jumamosi niliwapelekea chai nikamkuta Euan anakandamiza utepe wa kuziba nyufa za dirisha la chumba cha Rowena kwa kidole gumba, polepole, jinsi ambavyo hajanishika mimi tangu baridi ianze, na mwenzake Lafaele akanitania, "Shemeji, tukimaliza hapa hata umbea hautatoka nje," wakacheka, Rowena akacheka kuliko wote, basi walipotoka kushusha mizigo nikachukua kisu nikauchana utando wa kuzuia hewa chini ya dirisha hilohilo, urefu wa mkono. Jana feni ilipowashwa tuligawana kuta tuzipapase kwa mikono iliyolowa, ukisikia ubaridi useme, mimi nikapewa ukuta ule, upepo ukanipiga kiganjani, nikasema, "Hapa shwari." Sasa Euan amemwambia Lafaele utepe wake ndio mbovu, na wakishindwa tena Lafaele hana kazi. Mpimaji anarudi Alhamisi hiyo saa tatu asubuhi, kesho yake ukuta unafunikwa kwa mbao.

Morag

JIBU

Morag, kupika na koti ukiwa mke wa fundi wa joto kunauma, sikatai. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipomuuliza Euan, "Ukuta wetu lini?" Hapapo. Umenung'unika, umetazama, umekata.

Ulichomwona akikandamiza ni utepe, dada. Usipokandamizwa haushiki. Kama kuna jambo zaidi, muulize, kisu hakiulizi.

Ulichokata si cha Rowena peke yake. Mvuke wa chumba ukipita hapo unalowesha sufu, sufu ikilowa ukuta unaota ukungu, na atakayeuvuta ni Greta, yule usiye na neno naye.

Najua unalofikiria: kurudi kimyakimya na kipande cha utepe. Usithubutu. Nyumba itafaulu, na Lafaele atabaki fundi mbovu maisha yake yote.

Anza na yeye leo, kwa sababu yeye ndiye anayekula adhabu yako. Kisha Euan, mezani, mchana kweupe. Kisha mpigie Rowena mwenyewe, usimtume mume. Acha wakasirike, usijitetee kwa baridi ya jikoni kwako. Hilo ni ombi la siku nyingine, na siku hiyo dai upewe tarehe.

Majina nimeyabadili na jibu nakutumia mapema, ila mji wenu ni mdogo na gazeti hili linatoka Jumatatu. Mpimaji anarudi Alhamisi saa tatu asubuhi. Ijumaa mbao zinapigiliwa juu ya utando.