Nyundo Wamchague Nani?

Jumapili, 19 Aprili

Alhamisi ndiyo kuchagua. Nyundo, timu yetu ya futiboli ya Kimarekani hapa Toledo, wameshinda mechi tatu msimu mzima, kwa hiyo tumepewa nafasi ya nne ya kuchagua vijana wanaotoka vyuoni. Zawadi ya kufungwa hiyo! Ukiwa mbovu sana unatangulia kwenye foleni.

Meneja alikuwa kwenye televisheni, tai mpya shingoni. Tunajenga upya, anasema. Mwaka wa sita huu anajenga! Mbayuwayu humaliza kiota kwa wiki mbili, tena kwa matope.

Anamtaka mrushaji mpira. Yule wa California, mwenye meno. Mkono anao, sikatai. Lakini nani atamlinda? Mstari wetu wa mbele ni pazia — upepo ukija, linafunguka. Chukua mlinzi kwanza! Mume wangu Gus, kutoka kwenye kiti chake, akasema hakuna anayenunua jezi ya mlinzi, Lorraine.

Naam. Ndiyo maana tumeshinda tatu.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimepiga simu redioni. Kipindi cha michezo, mchana. Mtangazaji akaniuliza habari za walinzi, nikawapanga mmoja mmoja kama samaki mezani. Huyu ananuka. Huyu wa jana. Huyu mnene kichwani.

Kisha akanitajia Emmett Tolliver. Emmett wa hapa hapa, mtoto wa jirani! Ningesemaje — kwamba nimemwona akijifunza baiskeli? Nikasema kweli. Nguvu anazo, miguu mizito. Mtu mwepesi akimzunguka, Emmett bado anageuka, kama friji inayoteremshwa ngazi.

Mtangazaji alicheka hadi akakohoa. Jioni wamekirudia kipande hicho. Na baada ya taarifa ya habari, tena.

Sikukasirika. Nilipaka mkate siagi, nikasikiliza.

Jumatano, 22 Aprili

Nimekutana na Yvonne buchani. Mama yake Emmett. Miaka yote hii tunapitishiana sahani juu ya uzio, pai yake ya viazi vitamu, kabichi zangu za kujaza nyama. Nikamsalimu. Akatazama soseji.

Halafu, bila kugeuka: "Friji, Lorraine?"

Nikamwambia niliongea kama shabiki.

"Na mimi nilisikiliza kama mama."

Akaondoka mikono mitupu. Mwenye bucha akanitazama mimi, kama vile nimemla mteja wake.

Sasa nilidanganya nini? Niambieni! Watu wanataka timu nzuri na maneno matamu, vyote kwenye sahani moja. Ndiyo tunavyopata mameneja wa aina hii — wanasifiwa tu.

Gus anasema nikaombe radhi. Nimemwambia akaombe yeye, mdomo anao.

Alhamisi, 23 Aprili

Wamemchukua Meno! Nilijua. Nilijua! Meneja alimkumbatia kama aliyemzaa. Kufikia Krismasi huyo mtoto atakuwa amevunjwa, kafungwa plasta.

Kwa akina Tolliver magari yamejaa hadi mbele ya geti letu. Maputo, wajomba, mchungaji. Raundi nzima ya kwanza imepita. Jina la Emmett halikuitwa.

Wale wachambuzi wenye suti wakamgusia mwishoni. Mmoja akasema kuna bibi kule Toledo anamwita friji. Wakaangua kicheko. Nchi nzima inatazama.

Gus akazima sauti. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 24 Aprili

Raundi ya pili. Gus amekwenda ng'ambo ya uzio na sufuria ya kabichi. Mimi nimebaki, nailaani televisheni. Walinzi wawili wazuri wameshachukuliwa, na meneja wetu anajikuna sikio.

Mlango wa nyuma ukagongwa. Emmett! Amejaa mlango mzima.

"Bi Lorraine, naweza kukaa hapa ngazini? Kule kwetu wananihurumia hadi nakosa pumzi."

Nikamwambia akae, ila ubao ukivunjika ataugongomea mwenyewe. Akacheka kidogo. Nilisubiri matusi, nilishajiandaa nayo. Hakuyatoa.

"Wiki nzima watu wananipamba tu," akasema. "Wewe peke yako hukunipamba. Sasa niambie. Leo hii, ungekuwa meneja, ungenichukua?"

Nikasema ngoja nilete bia.

Bia ninayo. Inanilowesha mkono. Nami nimesimama jikoni naandika kama mwehu, kwa sababu jibu ninalo na halitoki. Amebaki mlinzi mmoja wa Iowa, miguu ya paka. Shabiki yeyote mwenye akili anamchukua yule. Ningemchukua yule! Redioni ningelisema huku natafuna. Lakini redioni hakuna mgongo wa mtu ngazini kwangu, umeinama hivi, na lebo ya shati jipya imetokeza nje kwenye kola.

Sasa ni zamu yetu. Nyundo. Saa inahesabu, na timu humpigia simu inayemchagua kabla ya kumtangaza.

Simu yake inalia.

Naiona kupitia kioo, iko juu ya goti lake, inatetemeka. Ng'ambo ya uzio wamenyamaza wote, wameisikia. Yvonne amesimama na taulo ya vyombo mkononi.

Pokea, wewe! Pokea!

Hapokei. Amegeuka, anatazama mlango wangu.

"Bi Lorraine," anaita. "Hujanijibu."