Mama Anaijua Sauti, Mimi Hanijui

Shangazi Mshauri, shikamoo. Naomba unijibu kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa saa kumi jioni nitakufa kwenye televisheni na mama yangu atakuwa anasikiliza.

Kazi yangu ni kuingiza sauti katika tamthilia za nje, yaani yule dada unayemwona kwenye kioo anaongea lugha ya kwao, lakini Kiswahili unachokisikia ni changu, na kwa miaka mitatu nimekuwa sauti ya Mpole, yule binti anayeteswa na mawifi, hata muuza duka wa mtaani aliwahi kunishika mkono akaniambia, "Mpole, usirudi kwa yule mwanamume, atakumaliza," mimi nikacheka. Mama ana mtoto wa jicho, haoni tena, anasikia tu, na mwanzoni alijisifu kwa majirani kwamba mwanawe yumo kwenye televisheni, halafu taratibu akaanza kunijibu mkato, na siku moja nikamwita kutoka jikoni, "Mama, chai tayari," akaniambia, "Hebu nyamaza wewe dada, mwanangu anaongea."

Shangazi, nikaweka kikombe chini. Nikajaribu kumwita kwa sauti ya Mpole, ile ya chini yenye kuvuta pumzi kabla ya neno, akageuka palepale, akanipapasa uso, akasema, "Umekuja, mwanangu?" akanywa chai yote. Tangu hapo nyumbani naongea hivyo, namlisha hivyo, namwogesha hivyo, na juzi nilimpigia kaka yangu simu akauliza mara mbili, "Nani mwenzangu?" nami nikaitafuta sauti yangu ya zamani kooni nikaikosa. Sasa wenye tamthilia wamemuua Mpole. Nilirekodi wiki tatu zilizopita, fundi mitambo akanifanya nirudie pumzi ya mwisho mara tisa, na mama ameshaanza kuniuliza mbona nakohoa sana siku hizi wakati anayekohoa ni Mpole kwenye televisheni, si mimi. Akinisikia nimekufa, halafu nikaingia chumbani na kikombe, atasema nani ameingia? Zamani aliniita Mapengo, tangu nilipoanguka ngazini nikang'oka meno ya mbele, akanifuta damu na kanga yake, nami nikamnunia siku mbili kwa jina hilo, sasa hata hilo halitamki. Nifanye nini?

Wako,
Mpole

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Sasa kaa nikuseme.

Mama yako hajapotewa na akili. Kioo kina sura ya mwanamke mmoja na sauti ya mwingine, na sisi tuliojazana kwenye makochi ndio tunaowashona hao wawili wakawa mtu wa tatu, tukamlilia kuliko jirani anayelia nyuma ya ukuta. Mpole tumemtengeneza sisi. Hata mimi saa kumi sipokei simu. Lakini mama yako haoni sura, kwa hiyo kwake hakuna cha kushona: ni mwanawe anayeteswa kila jioni. Nawe badala ya kumwambia ukweli, ukanogewa kuitwa mwanangu. Ukamkabidhi Mpole chai, ukamkabidhi bafu, ukamwachia nyumba. Nani alikutuma?

Usizime televisheni. Hata ukiizima, majirani watamletea habari na pole zao kabla hujafunga mlango. Ijumaa omba ruhusa kazini, ukae na mama kochi moja, umshike mkono. Mpole akianza kukohoa, wewe anza kuongea, kwa sauti yako, hata ikitoka inakwaruza. Msimulie yale ambayo hakuna mwandishi wa tamthilia anayeyajua: ulivyoanguka ngazini, alivyokufuta damu na kanga yake, alivyokuita Mapengo ukamnunia siku mbili. Azisikie sauti mbili kwa pamoja, ili moja ikinyamaza, nyingine iwe bado inaongea. Akikufukuza, usitoke. Na wiki ijayo mpeleke hospitali ya macho. Mtoto wa jicho hutolewa. Miaka yote hii ulikuwa unangoja nini?

Jambo la mwisho, nalo limeninyima raha. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta jina lako, sikulipata. Chini umetia sahihi ya Mpole, tena kwa mwandiko ule ule, bila mzaha. Leo hii chukua karatasi, uandike jina lako ulilopewa na mama. Likikataa kutoka, andika Mapengo, unitumie. Lakini baada ya Ijumaa ikinifikia barua nyingine kutoka kwa Mpole, mwanangu, sitaifungua.