Tantine wa Samaki

Hewa Bora, Lubumbashi
tarehe 14 Juni 2026

Mpendwa Yaya Anaclet, kaka yangu mukubwa,

Jina langu nililipoteza siku ya Mungu iliyopita, kisha misa, tarehe 7. Lakini salamu kwanza, tulilelewa muzuri: uko muzima huko Kinshasa? Ile goti inakuacha upande ngazi? Siye tuko, bantu saba mu vyumba viwili, na malaria imepita kwa wawili tu.

Unakumbuka, alipokufa mudogo wetu Lydie, mutoto wake Sephora alikuwa na miaka miwili na nusu, na kilo nane. Weye njo ulisema mu telefone: «Mupeleke kwa bamasere, bale batawa ba orphelinat benye kulea bayatima, useme hana muntu. Bakijua kuna ndugu, batamukataa.» Mimi niko mu njia ya Kasenga, kutafuta samaki, siku ine kila juma. Nilikubali, nikamupeleka kama jirani tu. Pa karatasi yao, penye «familia», niliandika kwa mukono wangu: hakuna.

Tangu pale zimepita siku za Mungu 119, miaka miwili na zaidi. Nimefika mara 102, na samaki kavu mu kitunga, kama mama yoyote wa parokia.

Kazi ya Masere Clotilde siwezi kuichafua. Sephora alikuwa hasemi, anaficha mukate chini ya godoro. Masere alimubeba mu mugongo miezi mitatu, hata mu misa. Ule mukate hakumunyanganya. Kila magaribi aliweka kipande kingine pembeni ya kichwa chake: «Lala. Ule wa kesho Mungu iko anauchunga.» Siku 64. Siku ya 65 Sephora akautoa kwa mutoto mugeni aliyekuwa analia. Leo iko na kilo kumi na saba, na mudomo kama wa Lydie.

Na ule mudomo njo umeniua. Tarehe 7 alikimbia akiita benzake: «Mukuje! Tantine wa samaki amefika!» Tantine, vile batoto banaita kila mama mugeni. Halafu akaniuliza: «Tantine, weye uko na batoto?»

Mimi, mama yake mukubwa! Nikamupa samaki.

Masere alicheka, akanivuta pembeni. Kuna bwana na bibi wa mutaa wa Golf, bantu ba kusali, banataka Sephora awe mutoto wao. Wakati uko karibu: batatia saini siku ya tano, tarehe 26. «Mama Victorine, angekuwa na muntu mumoja tu wa damu, singekubali. Lakini karatasi inasema hakuna.» Alinishika mukono kwa upole. Heri angenitukana.

Nikinyamaza, mutoto anaenda. Nikisema, nimemudanganya huyu masere mara 102. Na nikisema, nitamulaza wapi? Tena nitasema kwa kinywa cha nani? Kwetu mutoto iko wa mujomba, na mujomba ni weye. Bila neno lako mimi ni muuza samaki tu.

Usiniandikie kwamba Mungu atapanga. Alishapanga, alimuweka Masere. Fungu lililobaki ni letu.

Salimia bibi yako Chancelvie, na Ruben mwambie asome. Mungu achunge mukate wenu wa kesho.

Neno moja tu, Yaya, mbele ya siku ya ine, tarehe 25, jua halijazama: Sephora iko na muntu, ao hakuna?

Mudogo wako, mwenye kukupenda hata na hasira,
Victorine